Waliokaa na Mizigo

Somo letu la leo ni 1 Samweli sura ya 30. Mtakapoisoma nyumbani mtaona kwamba Daudi alipowafuatia Waamaleki, watu wake mia mbili walichoka, wakaachwa penye kijito cha Besori pamoja na mizigo. Wale mia nne waliokwenda vitani waliporudi na nyara, baadhi yao walisema kwamba waliobaki nyuma wasipewe kitu. Daudi alikataa. Fungu la aliyekwenda vitani na la aliyekaa na mizigo lilikuwa sawa.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya kitabu. Wengi wetu tulilelewa kwa vitabu vya maisha ya watu mashuhuri wa Kanisa, na katika Kanisa la Anglikana hakuna aliyesomwa sana kama Askofu James Hannington. Alizaliwa Uingereza mwaka 1847, akawekwa wakfu mwaka 1884 kuwa Askofu wa kwanza wa Ikweta ya Mashariki, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Rafiki yake tangu siku za chuo kule Oxford, E. C. Dawson, aliandika maisha yake, na kitabu kikatoka mwaka 1887. Kilisomwa mbali sana, na vijana wengi wa Uingereza walijitoa kuwa wamisionari kwa sababu ya kifo kile.

Ni kitabu chema, hatusemi vingine. Lakini mtu akiandikiwa maisha na rafiki yake, uso wake hupata mwanga wote, na waliokuwa naye hubaki gizani. Sisi wenyewe tulipokuwa chuo cha theolojia tuliandika majibu ya mtihani juu ya Hannington bila kumtaja hata mmoja wa watu aliosafiri nao. Wala hakuna aliyetukosoa.

Basi tulipokirudia kitabu hicho tukiwa watu wazima, tulishtuka kuona jina la mahali. Kwa Sundu! Hapo ndipo Mumias ya leo. Mtu akitoka kwetu Khwisero akapitia Butere, anafika Mumias kabla jua halijawa kali. Wakati ule palikuwa mji wa Nabongo Mumia, nao ulikuwa bado unaitwa kwa jina la baba yake, Shiundu.

Askofu alifika hapo Oktoba 1885, akitoka Rabai karibu na Mombasa kwa kupitia nchi ya Wamasai. Alikuwa na wapagazi wapatao mia mbili. Hapo aliwagawa. Alichukua watu hamsini aende nao mbele upesi kuelekea Buganda, na wengine wote akawaacha pamoja na mizigo chini ya mkono wa shemasi wake, William Jones.

Ni nani huyu Jones? Alikuwa Myao. Alitekwa utumwani angali mtoto, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa India, akasomeshwa karibu na Nasik. Baadaye alirudi Mombasa kufundisha watu. Mwaka 1885 Hannington alimwekea mikono awe shemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler, Waafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mtoto aliyeuzwa, sasa amekabidhiwa watu wapatao mia moja na hamsini katika nchi ya Wawanga, awalishe na kuwatuliza mpaka Askofu atakapotuma habari.

Habari alizopata ni za kifo. Kati ya wale hamsini waliokwenda na Askofu, wanne tu ndio waliookoka. Huko Buganda watu waliogopa mgeni anayeingia kwa mlango wa mashariki, na habari za Wajerumani kujitwalia nchi upande wa pwani zilikuwa zimezidisha hofu hiyo. Askofu hakuupima vema uzito wa jambo hilo, na walioulipia ni pamoja na wapagazi ambao hawakuulizwa wapite njia gani.

Jones hakukimbia siku ile ile. Alikaa wiki kadhaa, akingoja kama huenda habari zile ni za uongo. Hebu fikirini, wapenzi, hali ya mtu huyo. Asubuhi watu wanataka chakula. Jioni wanataka kujua kama wao nao watauawa. Hana wa kumwuliza. Hatimaye aliwaongoza kurudi pwani, mamia ya maili, na Februari 1886 wakaingia Rabai. Waliotoka kuwalaki waliona mbele ya msafara bendera ya samawati yenye neno moja lililoshonwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Biblia mnalijua jina hilo kutoka 1 Samweli 4, mtoto aliyezaliwa siku sanduku la Mungu lilipotekwa.

Jones naye aliandika daftari la safari, na Dawson alichota humo. Lakini jina lililo juu ya kitabu ni moja. Hata mifupa ya Askofu ilikuwa na historia yake. Ilikaa kwa muda hapo Mumias, kisha Askofu Tucker akaichukua, ikazikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Mifupa ya wapagazi haikutafutwa na mtu. Kalenda yetu inapofika 29 Oktoba huwakumbuka Hannington na wenzake, na neno hilo “wenzake” tunalisoma haraka tukielekea kwenye sala inayofuata.

Tusimlaumu Dawson peke yake. Mwaka jana katika parishi yetu tulimzika mama mmoja ambaye sote tulimwita Kukhu. Wasifu wake ulisomwa kaburini, ukurasa mmoja na nusu: alipozaliwa, alipoolewa, watoto, wajukuu, ugonjwa. Miaka mingi mama huyo ndiye aliyetunza ufunguo wa kanisa, na wakati parishi ilipokuwa haina kasisi alikusanya watu kwa sala kila Jumapili. Hayo hayakusomwa kwa kuwa hakuna aliyeyaandika. Sisi tulikuwa tumemwahidi mara tatu kwamba tutakuja tuketi naye na kalamu. Mara ya nne tulikuja na jeneza.

Tangu hapo vijana wawili wa parishi wanazunguka na daftari. Kazi si nyepesi. Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa kanisa amewachosha, maana kila wakimwuliza habari zake yeye huwasimulia za padre wake, jinsi alivyohubiri, jinsi alivyovuka mto Yala siku ya mafuriko kwenda kubatiza. Wakamwuliza, “Na wewe, kuka, siku hiyo ulikuwa wapi?”

Akacheka. “Mimi? Mimi nilikuwa nimebeba baiskeli yake kichwani.”

Wameandika hivyo. Wiki hii wanarudi kumwuliza maji yalimfika wapi.