Kuazima au Kukopa? Dawa za Ziada kati ya Oruchinga na Nakivale

Boksi la dawa mseto ya malaria, ile ambayo Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kila mtu huiita Coartem hata kama imetoka kiwanda kingine, huwa na dozi 30. Ila maboksi hayafanani. La watoto wadogo lina pakiti za vidonge 6, linalofuata 12, kisha 18, na la watu wazima 24. Kidonge chenyewe ni kilekile. Kwa hiyo mtoa dawa aliyeishiwa na boksi la wakubwa, huku rafu imejaa ya watoto, huchukua pakiti nne ndogo, huzifunga kwa mpira na kumkabidhi mgonjwa aliyefika kwa miguu tangu alfajiri. Mgonjwa anapona. Kadi ya stoo nayo inashuhudia kwamba siku ile waliugua watoto wanne, na mtu mzima hakuugua hata mmoja.

Katika tukio hilo dogo ziada na upungufu vimekutana kwenye rafu moja na vikamalizana kwa nusu dakika, kwa kuwa rafu ilikuwa na mwenyewe mmoja. Kilichoharibika ni kumbukumbu: agizo lijalo litaleta tena maboksi ya watoto. Vituo viwili vikiwa na mabosi wawili, nusu dakika hugeuka miezi. Makala hii inadai kwamba dawa haziishii muda stoo kwa sababu hakuna anayejua kuwa zimezidi. Aghalabu mwenye ufunguo anajua. Zinaisha kwa sababu zina mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Nakivale na Oruchinga ni kambi za wakimbizi, zote ziko wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, na zote zilianza kwa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Hapo ndipo kufanana kunapokoma. Nakivale leo ina watu zaidi ya laki moja, Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, na sokoni New Congo Kiswahili ndicho kinachopimia mchele. Oruchinga, bonde jirani kuelekea mto Kagera, ina watu elfu chache tu. Kituo cha afya cha Rulongo kilichoko Oruchinga kinahudumia idadi ambayo Nakivale ingeiona ni ya vijiji vichache.

Dawa hufika huko kwa njia nyingi. Bohari ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, husambaza kwa mzunguko wa miezi miwili. Vituo vya ngazi ya chini vimezoea kupelekewa furushi lililopangwa juu, na vile vikubwa huagiza vyenyewe. Bohari ya Pamoja ya Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na Wakatoliki na Waprotestanti, hulisha hospitali za makanisa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lina ununuzi wake, unaopitia kwa mashirika wabia wanaoendesha huduma makambini. Miradi ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria nayo ina fedha zake, fomu zake na wakaguzi wake. Mpango wa kuunganisha huduma za afya za wakimbizi na mfumo wa taifa ulizinduliwa mwaka 2019, na lengo lake ni jema. Lakini ukiingia stoo leo utakuta katoni zimepangwa kwa koo, kama wageni wa harusi.

Katika mazingira hayo ziada haitokani na uzembe peke yake. Makadirio ya dawa huangalia matumizi ya jana, na kambi ni mahali ambapo jana haifanani na kesho. Vita vikipamba moto Kivu Kaskazini, malori huleta watu ambao hesabu ya mwaka jana haikuwajua. Wengine hufunga virago kimya kimya na kuhamia Mbarara au Kampala, huku majina yao yakibaki kwenye orodha. Furushi lililopangwa kwa ngazi ya kituo haliwezi kufuata nyendo hizo. Tena kuna mabadiliko ya tiba: Uganda ilipohamia dawa ya Ukimwi ya dolutegravir mwaka 2018, kila kidonge cha dawa ya zamani kilichokuwa rafuni kiligeuka ziada kwa kalamu ya mtu aliyeko Kampala.

Nakyanzi na wenzake, katika utafiti wao juu ya maduka na vituo vya Kampala na Entebbe uliochapishwa mwaka 2010 na jarida la Shirika la Afya Duniani, walionyesha kwamba dawa za miradi maalumu, za msaada na zile zinazotoka polepole ndizo zinazoongoza kuisha muda. Miongoni mwa sababu walitaja ununuzi unaofanywa na mtu wa tatu kwa niaba ya miradi, na waganga kutoshirikishwa katika makadirio. Wasomaji wengi waliondoka na somo la usimamizi wa stoo: kadi zijazwe, zilizo karibu kuisha zitolewe kwanza. Ni kweli. Mimi naona uzito zaidi kwenye huyo mtu wa tatu. Anayenunua siye anayetumia, na anayetumia hana mamlaka ya kumpa jirani.

Tuhesabu kidogo. Tuseme kituo kina dozi 1,200 za watoto, kinatumia 60 kwa mwezi, na zimebaki miezi mitano kabla ya tarehe ya mwisho. Kitatumia 300. Dozi 900 ni ziada tangu leo. Kusubiri hakutazipunguza hata kwa moja. Jirani aliyeishiwa kabisa anatumia 250 kwa mwezi. Akipewa leo, miezi mitano inamtosha kuzimaliza zote. Barua ya kuomba ruhusa ya kuzihamisha ikizunguka miezi miwili, ataweza 750 tu, na 150 zitachomwa. Ikizunguka mitatu, zitachomwa 400. Ziada yenyewe ina tarehe yake ya mwisho, nayo huwahi kufika kuliko ile iliyopigwa chapa kwenye boksi. Kuziteketeza nako ni gharama: dawa iliyokwisha muda haitupwi shimoni, husubiri kibali na safari, na tanuri linalojulikana kwa kazi hiyo liko Nakasongola, ng'ambo ya pili ya Kampala.

Wizara ya Afya haikulala. Mwaka 2012 ilitoa mkakati wa kuhamisha dawa kati ya vituo ili zisiishe muda. Wilaya zilipewa wasimamizi wa dawa wanaozunguka vituoni kwa pikipiki, wakikagua kadi na kuwafundisha watunza stoo. Kwa hiyo ruhusa ya kuhamisha ipo kwenye maandishi. Kwa nini basi haitumiki kwa wepesi?

Sababu moja haisemwi sana kwenye ripoti. Dawa za serikali ya Uganda hupigwa muhuri kwamba ni mali ya serikali na si za kuuzwa, na tangu 2009 kuna kikosi cha Ikulu kinachofuatilia wizi wa dawa. Sina ugomvi na kikosi hicho. Wizi ulikuwepo na upo. Lakini mweke muuguzi kwenye bodaboda, katoni yenye muhuri mapajani, kwenye barabara ya vumbi kati ya Oruchinga na Base Camp ya Nakivale, akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mwenzake. Akisimamishwa, atajieleza vipi? Aliyeacha dawa ziishe muda rafuni ataandikiwa onyo, au hataandikiwa kitu. Aliyezihamisha bila karatasi kamili anaweza kulala ndani. Mtu mwenye watoto wa kusomesha hahitaji kushauriwa achague lipi.

Kwa hiyo watu wamejitengenezea njia. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, niliwahi kuonyeshwa daftari la shule la kurasa 96, lililopigwa mistari ya penseli safu tano: tarehe, dawa, kiasi, aliyechukua, imerudishwa. Safu nne za kwanza zilijaa kwa mwandiko wa watu wanne au watano tofauti. Ya tano ilikuwa karibu tupu. “Huwa tunaazimana tu,” mtunza stoo aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Neno lake lilinikaa. Kwa Kiswahili unaazima jembe, na jioni unarudisha jembe lilelile. Sukari huazimi, unakopa, kwa kuwa utakachorudisha ni sukari nyingine. Dawa ni sukari, si jembe. Huenda safu ya tano ilikuwa tupu kwa sababu hiyo: inauliza kama kilichochukuliwa kimerudi, ilhali kimeshamezwa na mgonjwa ameshapona. Tukilichukua neno mkopo kwa uzito wake, mambo kadhaa yanabadilika. Mkopeshaji anatoa boksi lililobakiza miezi mitano na, mzunguko wa Bohari ukifika, analipwa boksi lenye muda mrefu zaidi. Amefaidika, na jirani naye hakupoteza wagonjwa wake. Wala halazimiki kulipwa dawa ileile, maana ziada yake ingemrudia mlangoni. Anaweza kulipwa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini au amoksisilini, kwa thamani itakayokubaliwa na wilaya. Shirika lililonunua dawa kwa fedha za wakimbizi linaweza kukopesha kituo cha serikali pasipo kuonekana limegawa mali ya mfadhili, kwa kuwa deni linabaki kwenye vitabu vyake.

Nimewasikia wenzangu Mbarara wakisema kwamba suluhisho ni teknolojia: kila stoo ionekane kwenye skrini moja. Mfano wanaoupenda ni wa Tanzania. Kati ya 2009 na 2010, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vituo 129 vilituma kila wiki ujumbe mfupi wa simu kueleza akiba ya dawa za malaria. Wabia walikuwa wakubwa, Novartis, Vodafone na IBM wakiwa na Wizara ya Afya na ubia wa Roll Back Malaria. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Takwimu ni nzuri, lakini simu haibebi katoni. Waliozibeba ni watu wa wilaya, ambao baada ya kuona namba walikuwa na mamlaka ya kutoa kituo hiki na kupeleka kile, mali yote ikiwa ya mfumo mmoja. Uganda nayo ina mTrac, ya ujumbe wa simu vilevile, tangu 2011. Skrini ya Isingiro ingeonyesha katoni za koo nne, na mkuu wa afya wa wilaya angekuwa na sauti juu ya mbili au tatu kati yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine: kwamba kulegeza uhamishaji ni kuwafungulia mlango wezi. Silidharau. Ila daftari la penseli ndilo mlango ulio wazi, kwa kuwa halina nakala kwa mtu yeyote. Hati moja ya mkopo yenye nakala tatu, moja kwa mkopeshaji, moja kwa mkopaji na moja kwa msimamizi wa wilaya, ikitaja namba ya toleo na tarehe ya mwisho, humlinda muuguzi wa bodaboda na humbana mwizi kwa wakati mmoja. Nauli ya bodaboda nayo iandikwe humo. Mikakati mizuri imekwama kwa kukosa mtu wa kulipa mafuta, na katika mazungumzo ya ubia hilo huachwa hadi dakika za mwisho, kama kwamba ni aibu kulitaja.

Kwamba tatizo ni umiliki, wala si umaskini wa Isingiro, dunia imetuonyesha. Mwaka 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca dhidi ya Uviko, ikaona haitaweza kuzitumia kwa wakati, na ikazirudisha milioni 1.3 ili zipewe nchi nyingine. Sudan Kusini ilifanya hivyo kwa dozi 72,000, zikaingia Kenya. Wengine waliwacheka. Mimi nadhani walifanya hesabu ya miezi mitano niliyoifanya hapo juu, na waliifanya mapema. Malawi, mwaka huohuo, ilichoma dozi 19,610 hadharani. Kisha Julai 2025 serikali ya Marekani ilithibitisha uamuzi wa kuteketeza vidhibiti mimba vya dola milioni 9.7 vilivyokuwa ghalani Geel, Ubelgiji, baada ya kusitisha misaada yake. Sehemu kubwa ilikuwa ije Afrika, Tanzania ikiwemo. Tarehe ya karibu zaidi ya kuisha muda ilikuwa mwaka 2027. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango lilijitolea kuvichukua na kugharamia usafiri, likakataliwa. Ghala lilikuwa la kisasa na hesabu zilikuwa kamili. Taarifa za stoo zisingeweza kuwa bora zaidi.

Misaada inapopungua namna hiyo, wabia wa Nakivale watapokea vichache zaidi na kuvishikilia kwa nguvu zaidi, kila mmoja akihofia mkaguzi wake. Ndiyo sababu makubaliano ya kukopeshana yafaa yaandikwe sasa, katika ngazi ya wilaya, wakati bado kuna cha kukopesha. Yaanze na dawa chache: za malaria, chumvichumvi, amoksisilini ya watoto. Dawa za kulevya, na zile zinazotaka ubaridi, zikae nje kwanza. Na lile daftari lisitupwe. Safu yake ya tano ifutwe neno “imerudishwa”, paandikwe “imelipwa kwa dawa gani, inayoisha lini”.