Kikao cha Alfajiri na Mwenye Haki ya Kusema

Wataalamu wa uongozi wanatuhubiria siku hizi kikao cha dakika kumi kila asubuhi, wafanyakazi wakiwa wamesimama, kana kwamba ni dawa iliyoshuka juzi kutoka Japani. Nasita kukiita kipya. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini walioandikishwa na SILABU, shirika la kuajiri la wakulima wa mkonge lililoanzishwa mwaka 1944, walikusanyika alfajiri katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Mnyapara aliita majina, akagawa kazi, watu wakatawanyika. Aliyeimaliza kazi yake aliwekewa alama katika kipande, kadi ya siku 30. Kilikuwa kikao kifupi, cha kila siku, na kazi zilipangika. Ila mwenye mdomo alikuwa mmoja. Mkata mkonge aliyejua kwamba njia ya toroli imeharibika hakuwa na mahali pa kulisema hilo.

Uhuru ulijaribu kuirekebisha hali hiyo. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Nia ilikuwa njema, lakini mabaraza yalikuwa ya kushauri tu, menejimenti ikiwa na sauti kubwa ndani yake, nayo hayakukutana asubuhi pale mashine zinapowashwa. Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno na unyanyasaji. Wafanyakazi walikishika kifungu hicho kuliko vingine vyote! Migomo ikafuata, mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwajiri wao. Tusidhani mshahara ndio uliokuwa chanzo pekee. Malalamiko mengi ya miaka ile yalihusu lugha ya wakubwa kwa walio chini yao.

Mwaka huu nilisimama Chimala, kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga kando ya barabara kuu. Kabla ya injini kuwashwa, mwendeshaji, mpima mizani na wapakiaji walikusanyika penye magunia. Aliyeanza kusema ni mpakiaji: rundo la nyuma lina unyevu, likikobolewa leo mchele utakatika. Ndiye aliyeyabeba magunia hayo begani jana yake. Nani mwingine angejua? Utaratibu ukabadilishwa papo hapo, mpunga ule ukaenda kuanikwa juu ya turubai, na lori la mteja wa pili likasogezwa mbele. Mwenye mashine alikuwepo, akasikiliza, akaenda kufungua ghala. Sikuona daftari wala mwenyekiti.

Mabaraza yangali yapo katika taasisi zetu za umma, na mara nyingi huitwa kuijadili bajeti. Ningependa wakuu wa taasisi hizo wapite Chimala asubuhi moja kabla ya kuyaitisha tena.