Wakati Ufaao Kufungua Madirisha ya Nyumba Nchini Burundi

Swali la lini dirisha lifunguliwe na lini lifungwe huonekana dogo, lakini jibu lake hugusa usingizi wa watoto, malaria, kifua kikuu, na mara nyingine uhai wenyewe wa waliolala chumbani. Burundi ni nchi ndogo yenye hali za hewa zinazotofautiana sana. Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali Gitega, mji mkuu wa kisiasa, uko katika mwinuko wa takriban mita 1,500. Kwa sababu hiyo mazoea yanayomfaa mkazi wa Buyenzi au Bwiza huenda yasimfae nduguye aliyehamia Gitega au Kayanza. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia, kwanza kwa wakazi wa kando ya ziwa, kisha kwa wale wa milimani.

Kulinganisha hewa ya ndani na ya nje

Dirisha lililo wazi hutoa hewa iliyomo ndani na kuingiza ile ya nje. Wakati ufaao kulifungua, basi, ni ule ambao hewa ya nje ni afadhali kuliko ya ndani. Mambo matatu hupimwa: je, nje kuna baridi kuliko ndani? Je, hewa ya nje ni safi, haina moshi wala vumbi? Je, mbu wamekwisha kutoka? Saa ya ukutani husaidia kukisia majibu, lakini haiwezi kuyatoa peke yake, kwa kuwa nyumba hazifanani.

Nyumba ya mabati isiyo na dari hupata joto haraka. Ifikapo saa sita mchana, ndani yake huwa na joto kuliko kivulini nje. Mwenye nyumba kama hiyo akifunga madirisha kwa kuogopa joto, hujifungia ndani ya tanuri. Yampasa ayaache wazi hata saa saba ya mchana. Kinyume chake, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kuta nene na dari huchelewa kupata joto, kwa maana kuta hunyonya joto kwa saa kadhaa kabla ya kulitoa ndani. Nyumba hiyo, ikiwa ilipitishiwa hewa ya alfajiri, hubaki na ubaridi hadi alasiri, na kufungua madirisha ya upande wa jua saa sita ni kuupoteza ubaridi huo.

Anayetaka uhakika atumie kipimajoto cha kawaida. Akisome ndani, kisha akitoe nje na kukiweka kivulini kwa dakika chache. Kipimajoto kilichowekwa juani hupotosha, kwa kuwa hupima ukali wa jua badala ya joto la hewa. Asiye na kipimajoto na asimame kizingitini: ngozi ya uso itamwambia upande upi una ubaridi.

Bujumbura: pepo mbili za ziwa

Mji wa Bujumbura uko kati ya ziwa, upande wa magharibi, na milima, upande wa mashariki. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na nafasi yake hujazwa na upepo utokao ziwani. Usiku mambo hugeuka: miteremko ya milima hupoa haraka, hewa yake nzito hushuka, nao upepo huelekea ziwani. Wavuvi wa ndagala, ambao kazi yao ni ya usiku, wanaufahamu vyema mzunguko huo.

Mwenye nyumba anaweza kuutumia vilevile. Hewa yenye ubaridi zaidi katika siku nzima hupatikana karibu na mapambazuko, yaani mnamo saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia hapo hadi saa tatu hivi ndio muda bora wa kufungua madirisha yote, na milango ya vyumba pia, ili kuta zipoe na hewa iliyolaliwa usiku kucha itoke. Mchana upepo wa ziwa unapoanza kuvuma, madirisha ya upande huo huleta nafuu, mradi liwepo tundu jingine upande wa pili ambako hewa itatokea. Dirisha moja pekee katika chumba kilichofungwa kila upande halileti upepo wa maana, hata liwe kubwa namna gani. Alasiri jua huelekea magharibi na kupiga moja kwa moja madirisha yale yale ya upande wa ziwa. Hapo pazia jepesi lishushwe huku dirisha likibaki wazi.

Majira nayo yana athari. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua karibu hukoma kabisa, vumbi huongezeka, na pepo za kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Nyumba zilizo kando ya barabara zisizo na lami hufaidika zaidi na hewa ya alfajiri, kabla magari hayajaanza kutimua vumbi. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, ndiyo miezi ya joto kali, ambapo joto la mchana hufikia nyuzi 30 au kupindukia.

Mvua na unyevu

Wengi hufunga madirisha msimu mzima wa mvua wakidhani kwamba hewa ya nje italowesha nyumba. Ni kweli kwamba mvua ya upepo ikipiga dirishani lazima lifungwe. Mvua inapokatika, hata hivyo, hesabu hubadilika. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke wa maji, ilhali hewa ya nyuzi 30 hubeba hadi gramu 30. Kwa hiyo hewa ya asubuhi yenye ukungu, ikiingia ndani na kupata joto, huwa imebeba kiasi kinachozidi kidogo nusu ya kile inachoweza kubeba. Hewa hiyo hukausha nyumba.

Mvuke mwingi wa ndani hutokana na wakazi wenyewe: pumzi zao, sufuria jikoni, nguo zilizoanikwa chumbani. Usipotolewa hutua kwenye kuta na kuzaa kuvu, zile alama nyeusi za pembeni mwa dari na nyuma ya makabati. Kuvu huwasumbua zaidi watoto na wenye pumu. Katika maeneo yaliyokumbwa na mafuriko miaka ya karibuni, kama vile Gatumba, nyumba iliyoingiwa na maji huhitaji kufunguliwa kila upande mchana kutwa kwa siku nyingi mfululizo, mikeka na magodoro yakiwa yametolewa nje, na makabati yakiwa yamesogezwa mbali na kuta.

Jioni ni zamu ya mbu

Mbu aina ya anofelesi, waenezao malaria, huuma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri, na wengi wao humfuata mtu ndani ya nyumba. Hapa ndipo manufaa mawili hupingana: saa ambazo hewa ya nje inaanza kupoa ndizo saa ambazo mbu wanatoka. Nyumba isiyo na wavu madirishani ifungwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jioni pia ni wakati wa kupika, na hewa inapotulia moshi wa majiko hukaa chini, karibu na ardhi, ukaingia kila mahali palipo wazi.

Suluhisho la kudumu ni kuweka wavu wenye matundu madogo katika kila dirisha. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu ziliingiwa na mbu wachache zaidi, na watoto wake walipungukiwa damu kwa kiwango cha chini kuliko wa nyumba zisizo nazo. Uwazi ulio kati ya ukuta na paa usisahauliwe, kwani ni njia kuu ya mbu kuingilia. Wavu hupunguza upepo kiasi, hivyo usafishwe vumbi mara kwa mara. Nayo chandarua yenye dawa iendelee kutumika juu ya kitanda, hata kama madirisha yana wavu.

Kwa mwenye nyavu na vyuma imara vya kuzuia wezi, usiku wa Bujumbura ni wakati mzuri wa kuacha madirisha wazi, upepo wa milimani upite hadi asubuhi.

Milimani: baridi na jiko la makaa

Katika Gitega, Ngozi, Kayanza na Mwaro, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali. Huko madirisha hufunguliwa jua likishapanda, kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi hadi alasiri, ili joto la mchana liingie, kisha hufungwa kabla ya jua kuzama. Hata siku ya baridi, dakika 10 hadi 15 za kufungua pande mbili kwa pamoja hutosha kubadilisha hewa ya chumba. Kuta, ambazo ndizo ghala la joto, hazipoi katika muda mfupi kama huo.

Hatari kubwa ya milimani ni desturi ya kuingiza mbabura yenye makaa chumbani ili kupata joto la kulalia. Makaa yakiwaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, aliyelala hazihisi. Makaa yaliyokwisha kuacha kutoa moshi huendelea kutoa gesi hiyo, na ndiyo maana wengi hudanganyika.

Katika jambo hili dirisha halitegemewi. Kuliacha wazi kidogo hakumkingi aliyelala karibu na makaa, na hakuna hali ya hewa inayohalalisha kufanya hivyo. Mbabura ibaki nje au jikoni penye upenyo, na chumbani waingie watu na mablanketi tu. Akikutwa mtu amezimia katika chumba chenye makaa, atolewe nje haraka, madirisha na milango vifunguliwe, kisha apelekwe hospitalini hata akizinduka.

Penye mgonjwa

Nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu, surua au mafua makali inahitaji hewa kuliko nyumba nyingine, kwa kuwa vijidudu vya maradhi hayo huelea hewani na kurundikana katika chumba kilichofungwa. Utafiti wa mwaka 2007 katika hospitali za Lima, nchini Peru, ulibaini kuwa kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya wodi zaidi ya maradufu ya ilivyofanywa na mitambo. Mgonjwa alindwe baridi kwa nguo na blanketi, na kitanda chake kisogezwe mahali ambapo upepo unaompitia hauelekei walipo wengine. Hakuna sababu ya kuziba dirisha lake mchana.

Kwa ufupi

Kando ya ziwa, fungua alfajiri, tumia upepo wa mchana kulingana na aina ya nyumba yako, na ufunge kabla ya magharibi usipokuwa na nyavu. Milimani, fungua jua likiwa juu na ufunge lingali halijazama. Msimu wa mvua, fungua kila mvua inapokatika. Utabiri wa Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, yenye dhamana ya hali ya hewa nchini, humsaidia mtu kupanga siku yake. Na kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, aliye wa mwisho kulala ahakikishe kwamba hakuna makaa yoyote ndani ya chumba.