Utitiri wa upele: Adui asiyeonekana katika mabanda ya mifugo

KATIKA eneo la Kabianga, Kaunti ya Kericho, ambako majani chai yamechukua sehemu kubwa ya ardhi, wakulima wengi hufuga ng'ombe wachache wa maziwa kwenye mabanda au vipande vidogo vya malisho. Ufugaji huu huokoa ardhi, lakini mifugo inapobanana humkaribisha adui asiyeonekana kwa urahisi: utitiri wa upele. Mnyama mmoja akiambukizwa, wale anaogusana nao hawakawii kuanza kujikuna.

Ingawa watu huwaita wadudu, utitiri si wadudu halisi. Mdudu ana miguu sita, ilhali utitiri aliyekomaa ana minane. Kwa sababu hiyo wataalamu humweka katika kundi moja na kupe, buibui na nge. Wengi wao hawafikii hata nusu milimita kwa urefu, hivyo hadubini huhitajika ili kuwatambua. Ilikuwa mwaka 1687 ambapo Waitaliano wawili, daktari Giovanni Cosimo Bonomo na mtengenezaji dawa Diacinto Cestoni, walieleza kwamba upele wa binadamu husababishwa na kiumbe huyu mdogo.

Utitiri wanaoshambulia mifugo hugawanywa katika makundi makuu matatu, kulingana na maumbile yao na mahali wanapoishi kwenye ngozi.

Kundi la kwanza ni la wachimbaji, familia ya Sarcoptidae. Anayejulikana zaidi ni Sarcoptes scabiei, ambaye jike lake huchimba vijia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kutoka yai hadi utitiri kukomaa huchukua wiki mbili hadi tatu. Huyu huwashambulia nguruwe, mbwa, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mtu anayemshika mnyama mgonjwa anaweza kuwashwa kwa siku kadhaa, ingawa kwa kawaida utitiri wa mifugo hawadumu katika mwili wa binadamu. Paka naye ana mchimbaji wake, Notoedres cati, anayeanzia masikioni na kichwani.

Kundi la pili, familia ya Psoroptidae, halichimbi bali huishi juu ya ngozi. Psoroptes ovis husababisha upele wa kondoo unaong'oa sufu na kumkondesha mnyama. Chorioptes bovis hupenda miguu ya ng'ombe na shina la mkia, na huzidi wakati wa baridi mifugo inapofungiwa. Otodectes cynotis hukaa ndani ya masikio ya mbwa na paka, na kuacha uchafu mweusi.

Kundi la tatu ni Demodicidae. Utitiri hawa, Demodex, ni wembamba na huishi ndani ya vishimo vya nywele. Watoto wa mbwa huwapata kutoka kwa mama zao siku za kwanza za kunyonya. Wakiwa wachache hawadhuru, lakini kinga ya mwili ikishuka huongezeka kwa kasi. Kwa ng'ombe na mbuzi huleta vinundu ambavyo hupunguza thamani ya ngozi kiwandani.

Hata wanyama wa porini hawajasalimika. Mwaka 1996, katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, upele wa Sarcoptes uliwakumba sokwe wa milimani waliozoeshwa watalii. Mtoto mmoja alikufa, na wengine wakapona baada ya kutibiwa kwa ivermektini. Daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka, aliyewashughulikia, alihusisha mkasa huo na watu wanaoishi kandokando ya msitu. Tangu hapo afya ya wanavijiji imehesabiwa kuwa sehemu ya ulinzi wa sokwe.

Kwa mfugaji, kosa kubwa ni kukisia. Upele hufanana na choa, ambacho huletwa na kuvu na hakisikii dawa ya utitiri. Wapo pia wanaopaka mifugo oili chafu ya gari, ambayo huunguza ngozi na kumtia mnyama sumu. Njia ya hakika ni kumwita daktari wa mifugo akwangue ngozi ukingoni mwa kidonda, kisha sampuli ichunguzwe katika maabara kama ile ya serikali iliyoko Kericho.

Matibabu hutegemea dawa kama amitrazi ya kuogeshea na ivermektini. Dozi moja mara nyingi haitoshi kwa kuwa mayai husalimika, na kwa kawaida dawa hurudiwa baada ya siku 14 hivi. Mifugo yote iliyogusana itibiwe kwa pamoja, na matandiko ya banda yabadilishwe. Ivermektini ya sindano haikukusudiwa ng'ombe wanaokamuliwa, kwa kuwa mabaki yake huingia katika maziwa. Kwa hao, eprinomektini ya kumwagwa mgongoni ndiyo inayofaa, kwa ushauri wa daktari.

Zaidi ya yote, mnyama mpya aliyenunuliwa sokoni atengwe kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wengine. Gharama ya banda dogo la kando ni nafuu kuliko kutibu zizi zima.