Jina lililotoka katika hadithi: je, linaweza kuletwa kanisani?

Mwaka wa 2023 wazazi wawili wa kartie Lac Vert walikuja kuniona juu ya jina la binti yao, aliyekuwa na majuma saba. Baba ni mwalimu wa Kifaransa, mzaliwa wa Walikale. Alitaka mtoto aitwe Iyangura, na mama mtoto alikubali. Lakini nyanya, mama yake baba, alikataa kabisa, na wazee wawili wa kanisa walikuwa upande wake. Waliniomba nisimbariki mtoto mbele ya kanisa mpaka jina libadilishwe.

Maswali ya namna hii yananifikia kila mwaka, na najua wachungaji wenzangu wanayapata pia. Vijana wetu wanasoma, wanakutana na majina katika vitabu, wanayapenda. Kwa hiyo naandika hapa kwa urefu kidogo yale niliyojifunza, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Iyangura ni nani

Wanyanga wana utenzi mrefu, unaoimbwa na kusimuliwa, juu ya kijana Mwindo. Mwaka wa 1956 msimuliaji She-Karisi Rureke aliutoa wote mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji, na maneno yake yakaandikwa. Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye ni Munyanga, waliutoa kwa Kiingereza huko Marekani mwaka wa 1969. Leo unasomwa katika vyuo vikuu vya mbali, na sisi tunaokaa njia ya kwenda Sake, Masisi na Walikale wengi wetu hatujausikia.

Kwa ufupi ni hivi. Shemwindo, mfalme wa Tubondo, aliwaamuru wake zake wazae wasichana tu. Alipozaliwa mvulana alijaribu kumwua kwa mikuki, akamzika, mwishowe akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa majini. Ngoma ikasafiri mpaka ilipofika kwa Iyangura, dada yake Shemwindo. Shangazi ndiye aliyeipasua ngozi ya ngoma na kumkuta mtoto yu hai. Mwindo aliporudi kupambana na baba yake, shangazi alikwenda naye. Na katika mkutano wa mwisho, mbele ya watu wote, Iyangura alisimama akamkaripia kaka yake mfalme: alikosa kwa kubagua watoto, na kile alichopewa na Ongo, yaani Mungu kwa lugha yao, yeye alikiita kibaya.

Upande mwingine wa hadithi haufichiki. Mume wa Iyangura ni Mukiti, nyoka mkubwa wa majini. Kuna Nkuba, radi, na pepo wengine wengi. Hata jina She-Karisi linatokana na Karisi, na Karisi kwa Wanyanga ni utenzi wenyewe na pia ni pepo anayemwita msimuliaji. Nyanya hakuhitaji kitabu ili ayajue hayo. Aliniambia: «Pasta, mimi niliyasikia hayo nikiwa msichana, kabla ya kuokoka. Niliyaacha Walikale. Sasa mtoto wangu anataka kuniletea muke wa nyoka katika nyumba?»

Sikuwa na jibu siku hiyo. Na mtu asicheke maneno ya mama huyu. Hapa kwetu mtoto mwenye jina la ajabu, kama ugonjwa ukiingia nyumbani au baba akipoteza kazi, anaweza kuanza kuangaliwa kwa jicho lingine. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto katika nchi yetu, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Lakini sheria haikai jikoni wakati majirani wanaponong'ona.

Maandiko yana majina gani

Tukiambiwa «jina la kikristo», tunafikiri kuna orodha fulani. Hakuna. Katika Warumi 16:1 Paulo anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Fibi kwa Kiyunani ni «mwangavu», na ni jina la mmoja wa miungu wa kike wa kale. Artemi naye aliitwa hivyo. Epafrodito wa Wafilipi 2:25 amebeba ndani ya jina lake mungu wa kike Afrodito. Apolo, mwalimu hodari wa Matendo 18, anakumbusha mungu Apolo wa Wayunani. Katika mstari mmoja wa Warumi 16 kuna Herme, na unaofuata una Nereo, majina mawili ya miungu. Mordekai linahusianishwa na Marduki wa Babeli, na wataalamu wengi husema hivyo juu ya Esta na Ishtari, ingawa wengine wanalitoa katika neno la Kiajemi lenye maana ya nyota. Mtume aliyekataa sanamu kwa nguvu zote hakumwomba hata mmoja wa hawa abadili jina kabla ya kumwita ndugu au dada.

Aliyebadilisha majina kwa amri ni ofisa wa Nebukadneza, katika Danieli 1:7.

Kuna kisa kingine ambacho nilikuwa nimekihubiri mara nyingi bila kukisikia. Katika Luka 1, siku ya nane, majirani na jamaa wanakuja na jina tayari. Elisabeti anasema hapana, ataitwa Yohana. Wanamjibu kwamba katika jamaa yake hakuna mwenye jina hilo, halafu wanamwendea baba kwa ishara ili ampinge bibi yake. Zakaria anaomba kibao. Nilipousoma tena mwaka ule niliona kwamba mimi na wazee wangu tulikuwa upande wa majirani.

Na kama tunataka majina ya kigeni kweli kweli kwa wasichana, tusome mwisho wa Ayubu: Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Hilo la mwisho maana yake ni pembe ya kuwekea wanja wa macho! Sijui mshirika gani wa Goma angethubutu. Lakini Ayubu 42:15 inaandika kwamba mabinti hao walipewa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, na hapo baba wengi tunafunga Biblia haraka.

Tayari tunayabeba majina ya vitabu

Hesabu wasichana wa kwaya yako. Pamela ni jina ambalo mwandishi Mwingereza Philip Sidney alilitunga kwa ajili ya hadithi yake iliyotoka mwaka wa 1590. Vanessa lilitungwa na Jonathan Swift kutokana na jina la rafiki yake, Esther Vanhomrigh. Jessica tunalipata kwa Shakespeare. Mireille lilienea kwa sababu ya utenzi wa Frédéric Mistral wa mwaka wa 1859. Mabinti wenye majina hayo nimewabariki bila mzee yeyote kuuliza kitu. Yalikuja na Wazungu, basi tukayahesabu kuwa ya kikristo.

Wazazi wetu waliona kinyume chake. Mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya kigeni, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga siasa hiyo na akalazimika kukaa Roma kwa muda. Mimi nilizaliwa wakati ule ule wa Zaire: jina la karatasi lilikuwa la ukoo, na lile ambalo mama aliniita wakati wa maombi halikuandikwa popote mpaka nilipokuwa mkubwa. Kwa hiyo kizazi changu kinaogopa sana kunyang'anywa jina la Biblia, na pengine ndiyo sababu tunakuwa wakali kwa watoto wetu.

Sheria na karatasi

Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema katika kifungu cha 58 kwamba majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na yasiwe ya matusi, ya kudharau wala ya kuchokoza. Kwa kipimo hicho Iyangura linapita mbele ya Vanessa. Mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, cheti kinahitaji hukumu ya tribinali. Na kifungu cha 64 kinakataza kubadili jina, au hata namna ya kuliandika, bila ruhusa ya tribinali.

Hapa ndipo kosa langu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilikataa jina ambalo wazazi fulani walimpa binti yao, jina la mhusika wa riwaya. Niliwashauri lingine, na hilo ndilo nililoandika katika karata ya kanisa. Katika cheti cha serikali walikuwa wameshaandika lile la kwanza. Shule ilimpokea kwa karata yangu. Alipofika mtihani wa serikali wa mwisho wa shule ya msingi, karatasi mbili zikagombana, na baba yake akapoteza siku nyingi na pesa ya chakula akitembea ofisi kwa ofisi. Msichana aliniuliza mbele ya wazazi wake: «Pasta, mimi ni nani kati ya hao wawili?» Hayo yalitokea miezi michache kabla ya habari ya Iyangura, na ndiyo yaliyonifunga mdomo nisikatae haraka.

Ninayowauliza wazazi sasa

Umeisoma hadithi mpaka mwisho? Jina linaweza kuwa tamu na kisa chake kiwe kichungu. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka wa 1971, ina jina zuri sana, lakini msichana Rosa anamaliza kwa kujiua. Ofelia wa Shakespeare anakufa maji. Siku moja binti atakisoma kitabu, naye atauliza kwa nini.

Mwalimu wa darasa la kwanza atalitamka vipi? Lina maana gani kwa Kihunde, Kinande, Mashi, Kinyarwanda? Lac Vert tunaishi wote juu ya mawe yale yale ya volkano, na neno la heshima kwa mmoja ni kicheko kwa jirani. Uliza pia litasomwaje kwenye barieri, maana kwetu jina linatangaza kabila kabla mtu hajafungua kinywa. Sisemi tulikimbie kwa sababu hiyo. Nasema wazazi walijue.

Swali hilo la kwanza nawauliza pia wanaoita watoto Mateso, Vita au Sikujali. Wamama wengi waliozaa katika kambi za wakimbizi pembeni yetu walitoa majina hayo, na sitawahukumu. Raheli akifa alimwita mwanawe Ben-oni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akampa jina la Benyamini, siku ile ile, kabla uchungu haujaandikwa (Mwanzo 35:18).

Namna ilivyomalizika

Nilimwomba nyanya awasimulie wazee ile hadithi mwenyewe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisimulia, kwa sauti ya chini, na alipofika pale shangazi anapasua ngoma, shemasi mmoja akasema: «Kama Musa katika kisafina.» Nilimwambia shemasi polepole: hadithi ya Mwindo si Maandiko, na Miriamu hana Mukiti. Lakini nyanya aliendelea mpaka kwenye maneno ya Iyangura mbele ya mfalme, na hapo akanyamaza kidogo. Alisema shangazi yake mwenyewe alikuwa akiyaimba hayo.

Hakubadili mawazo yote. Aliomba vitu viwili: tuombe kwa jina la Yesu juu ya mtoto nyumbani kabla ya kwenda kanisani, na jina la Faida litangulie katika cheti. Baba alikubali baada ya kuzunguka uwanja mara kadhaa. Waliandikisha mtoto siku ya 84. Mwandishi wa komine aliuliza mara mbili kama «y» inabaki, na mwalimu akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Jumapili iliyofuata nilimbariki Faida Iyangura. Nyanya humwita Faida, baba humwita Iyangura, na mtoto anawaitikia wote wawili.