Takwimu: Elimu ya Watawala au ya Raia?

Neno takwimu limetufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya zamani ni kalenda, yaani hesabu ya siku na majira. Maana tunayoitumia leo, ya tarakimu zinazoieleza jamii, ilikomaa Ulaya. Katika karne ya 18 msomi wa Kijerumani, Gottfried Achenwall, alilieneza neno Statistik akimaanisha elimu ya dola: watu wake, mali yake na nguvu zake. Tangu asili, basi, elimu hii ilikuwa macho ya mtawala.

Kwetu ilikuja kwa sura hiyohiyo. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, vibanda vilihesabiwa ili vilipiwe, si ili wakaazi wake wahudumiwe. Waingereza walipofanya sensa ya kwanza ya kisasa ya Afrika Mashariki mwaka 1948, Mwafrika alikuwa wa kuhesabiwa tu. Kusoma na kufasiri matokeo ilikuwa kazi ya wengine.

Uhuru ulibadili mengi. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1961. Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ilihesabu watu takriban milioni 12.3, ikawa msingi wa mipango ya taifa. Mwaka 1971 tulijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na sheria ya 1973 ikaunda Baraza letu wenyewe. Mamlaka ya kuamua vijana wetu wasome nini yakawa mikononi mwetu.

Hata hivyo, swali moja halikujibiwa: nani anastahili kufundishwa takwimu? Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita amejifunza kupima mtawanyiko wa namba na uwezekano wa matukio ndani ya Hisabati ya Juu, au ndani ya somo tulilozoea kuliita BAM. Mwenzake wa HGL au HGK huigusa kupitia Jiografia. Wa HKL huagana nayo Kidato cha Nne. Ilhali ni katika tahasusi hizi za sanaa wanakotoka wengi wa mawakili, waandishi wa habari na maafisa tawala wetu. Katika ufundishaji wangu nimewaona vijana hodari wa hoja wakilifikia jedwali na kuliruka, kama msafiri anayekwepa dimbwi.

Gharama yake ni ya kisiasa. Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, kwa kuwa pato la taifa kwa kila mtu lilifika dola 1,080 wakati kizingiti kilikuwa dola 1,036. Wapo walioshangilia na wapo waliokejeli. Wachache walieleza kwamba ule ulikuwa wastani, na kwamba wastani hugawa sawa katika karatasi kile ambacho watu hawakigawani sawa mtaani. Hoja hiyo haihitaji shahada. Inahitaji vipindi vichache vya darasani.

Mwaka 2018 marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa jinai kutangaza takwimu zenye kusudi la kupinga au kupotosha zile rasmi. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena na jinai hiyo ikaondolewa. Mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi nani ana ruhusa ya kusema namba, kuliko namba yenyewe hupatikanaje. Lakini haki ya kuhoji takwimu humfaa kidogo raia asiyejua kuuliza: walihojiwa wangapi, walichaguliwaje, na nani aliachwa nje?

Naona, kwa hiyo, kwamba kila mwanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, wa tahasusi yoyote, afundishwe takwimu kama sehemu ya elimu ya uraia: asome jedwali la sensa, atofautishe wastani na namba ya kati, aichambue ripoti ya bajeti ya halmashauri yake. Watumishi wa umma wanaoandaa mitaala wanaweza kulianza jambo hili bila kusubiri maabara wala mitambo. Machapisho ya sensa ya 2022, iliyotuhesabu milioni 61.7, yapo tayari. Yatumike kuwa kitabu cha kiada.