Mahitaji ya Watumiaji Yanavyogeuzwa Kuwa Vigezo vya Kiufundi vya Setilaiti za Mazingira: Mfano wa Kasulu na Kibondo

Wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, zina misitu ya miombo na ziko jirani na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Misitu hiyo imekabiliwa na upanuzi wa mashamba, moto na mahitaji ya kuni, yakiwemo ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta.

Setilaiti husaidia kufuatilia mabadiliko hayo, lakini hubuniwa kwa namba, si kwa maelezo ya jumla. Uchambuzi huanza na uamuzi ambao mtumiaji anapaswa kuufanya. Ndipo huwekwa vigezo vya ukubwa wa pikseli, muda kati ya picha na picha, aina ya mawimbi, usahihi na kasi ya kufikisha taarifa.

Ufyekaji wa misitu

Ekari 1 ina takribani mita za mraba 4,047. Landsat, yenye pikseli ya mita 30, huionesha kwa pikseli nne au tano tu, nyingi zikichanganya shamba na msitu. Sentinel-2, yenye pikseli ya mita 10, huionesha kwa takribani pikseli 40, na setilaiti zake mbili hurudi kila baada ya siku 5. Msimu wa mvua, mawingu huzuia picha hizo. Anayehitaji taarifa kila mwezi bila kukosa huhitaji rada inayopenya mawingu, kama ya Sentinel-1. Kiangazi, miombo hupukutisha majani na huweza kudhaniwa imefyekwa, hivyo hulinganishwa picha za mwezi uleule wa miaka tofauti.

Moto

Hapa kasi hutangulia. Kihisi cha VIIRS kina pikseli ya mita 375, lakini hutambua joto la moto mdogo kuliko pikseli hiyo. Taarifa sahihi inayofika baada ya wiki haiokoi msitu.

Ngazi za hitaji

Shirika la Hali ya Hewa Duniani huainisha kila hitaji katika ngazi tatu: kiwango cha chini ambacho chini yake takwimu hazifai, kiwango kinacholeta manufaa makubwa, na lengo ambalo kulizidi hakuongezi faida. Ngazi hizo huwawezesha wahandisi kupima gharama dhidi ya manufaa.

Kwa hiyo, kijiji au halmashauri inapowasilisha hitaji, inafaa kueleza kinachotakiwa kuonekana, ukubwa wake, siku ya mwisho ya kupata taarifa na hatua itakayochukuliwa.